Mwalimu Akikaa, Shule Inasimama: Mbinu kwa Vijiji vya Ufipa

Watoto wengi wa Ufipa, mkoani Rukwa, wana shule moja tu ya kuitegemea, nayo ni ya serikali. Mtoto wa Laela, wa Matai, wa Namanyere au wa Mtowisa kule bondeni hana pa kuchagua. Shule yake ikikosa mwalimu wa hisabati, naye amekosa hisabati. Kwa hiyo namna ya kuisaidia shule ya umma haiwezi kuachiwa wataalamu wa Dodoma peke yao. Jambo hili linamhusu mzazi, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mwenyewe, hata mwana-Rukwa anayeishi Dar es Salaam au Mbeya ambaye kila akija likizo huuliza, "Nisaidie nini nyumbani?"

Naandika nikiwa mwalimu na mwakilishi wa chama cha walimu shuleni. Msimamo wangu ni mmoja: ukitaka mtoto asome, anza kwa kumwezesha mwalimu akae na afundishe. Rangi ya ukutani na geti jipya vitafuata. Na mwalimu hakai kwa kusifiwa kwenye mikutano. Anakaa akiwa na mahali pa kulala, darasa linalofundishika, watoto wasio na njaa, wazazi wasiomshuku kwa pesa, na haki zake zikimfikia kwa wakati.

Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilichoanzishwa mwaka 1993, watu wanakijua zaidi kwa madai ya mishahara. Julai 30, 2012, chini ya Rais wake Gratian Mukoba, kiliitisha mgomo wa nchi nzima. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamua kuwa mgomo ule si halali, na walimu wakarudi darasani. Lililobaki vichwani mwa wengi ni dai la nyongeza ya mshahara. Lakini katika orodha ya madai ya mgomo ule kulikuwa pia na dai la posho ya asilimia 30 kwa walimu wa mazingira magumu. Nani anafundisha katika mazingira magumu kuliko mwalimu wa Bonde la Ziwa Rukwa, au wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako mvua ikikolea barabara hukatika? Posho ile ingemnufaisha mwanafunzi sawasawa na mwalimu. Mapendekezo ya ILO na UNESCO ya mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu yalishasema hivyo: mazingira ya kazi ya mwalimu yawe yale yanayomwezesha mtoto kujifunza vizuri.

Mishahara na posho tutaendelea kuidai kwa mwajiri, huo ndio wajibu wa chama. Yafuatayo ni yale ambayo kijiji chenyewe kinaweza kuyafanya kuanzia msimu huu.

1. Mpokee mwalimu kabla hajafika

Mwalimu wa ajira mpya anashuka kwenye basi Sumbawanga mjini akiwa na begi, godoro na barua. Pengine ametoka Kagera au Tanga, na hajawahi kuuona upepo wa Ufipa wa mwezi Juni. Wiki mbili za kwanza zina uzito mkubwa katika uamuzi wake wa kubaki au kuanza kutafuta uhamisho.

Uongozi wa kijiji ukishajua mwalimu anakuja, ufanye mambo manne. Chumba kipatikane mapema, chenye mlango unaofungika kwa kufuli, dirisha lenye kioo au wavu, na choo kisicho cha kushirikiana na kaya tano. Ateuliwe mtu mmoja wa kumpokea stendi na kumfikisha kijijini. Aonyeshwe kisima, duka, zahanati na mahali penye mtandao wa simu. Na katika mkutano wa kwanza wa kijiji atambulishwe kwa jina, aitwe Mwalimu, apewe nafasi ya kusema neno.

Kama shule haina nyumba za walimu, nyumba iwe mradi wa kwanza wa kijiji, hata kabla ya ofisi ya kijiji. Ile ya familia mbili chini ya paa moja inatosha kuanzia. Kijiji kisichoweza kujenga mwaka huu kikodi nyumba nzuri moja na kiitunze kwa ajili ya walimu. Kwa mwalimu wa kike anayeishi peke yake usalama wa nyumba ni jambo la kwanza, na wazee wa kijiji watamke hadharani kwamba yeyote atakayemsumbua atashughulikiwa.

Nawe mwalimu mgeni, tunza nakala za barua ya ajira, fomu ya kuripoti na tiketi za safari. Posho ya kujikimu unayostahili unapoanza kazi hudaiwa kwa karatasi, na malimbikizo mengi yanakwama kwa sababu ya karatasi zilizopotea.

2. Chakula cha mchana kipimwe kwa debe

Rukwa inalima mahindi na kulisha mikoa mingine. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani hapa wamedumaa. Watoto hao ndio wanaoingia darasa la kwanza. Mwalimu akisimama ubaoni saa sita mchana mbele ya watoto waliotoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni, mbinu yoyote ya ufundishaji haifui dafu.

Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, uliofafanua elimu bila malipo, unataja chakula cha mwanafunzi wa kutwa kuwa jukumu la mzazi. Kwa hiyo asiwepo wa kusema serikali imekataza. Kilichokatazwa ni kumlazimisha mtu na kumfukuza mtoto kwa sababu mzazi wake hajachanga.

Hesabu ni nyepesi. Chukua makande yenye gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto mmoja kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa mwaka mzima mtoto huyo anahitaji kilo 23 na ushee za mahindi, yaani debe moja na kidogo, na maharage yasiyofika kilo 6. Shule ya watoto 400 inahitaji magunia 93 hivi ya mahindi, ya kilo 100 kila moja, na magunia 23 ya maharage. Ukilitaja gunia, wazazi wanashtuka. Taja debe moja la kila mtoto, na mazungumzo yanawezekana.

Wakati wa kukusanya ni Juni na Julai, mahindi yakiwa bado uani na bei iko chini. Ukisubiri Januari, unamwomba mzazi chakula alichobakiza cha kufikia mavuno. Kwa hiyo mkutano wa wazazi ufanyike Mei, muhtasari uandikwe na kusainiwa, halmashauri ipewe taarifa na kutoa kibali, kisha wazazi wachague kamati yao ya chakula. Mwalimu asiwe mpokeaji wala mtunza ghala.

Siku ya kupokea, wekeni debe moja tu, lilelile kwa wote, juu ya turubai. Mzazi amimine, mjumbe apitishe ubao ulionyooka juu ya debe, mahindi ya ziada yaangukie turubai na yarudishwe kwa mwenyewe. Debe la kilele na gunia la lumbesa vimewaumiza wakulima wetu sokoni muda mrefu, visiingie shuleni. Mjumbe atafune punje mbili tatu: ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea irudi juani. Jina la mtoto na kipimo viandikwe papo hapo, mzazi atie saini au dole gumba. Mahindi yahifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa au yatiwe dawa kwa maelekezo ya ofisa ugani, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mahindi peke yake hayamtoi mtoto kwenye udumavu. Mafuta ya alizeti yetu, dagaa wa Kirando na Kabwe, mboga za bustani ya shule na uji wa ulezi kwa watoto wa awali viingie kwenye mpango kadiri ya uwezo. Na mtoto ambaye kwao hakuna kilichovunwa ale sawa na wenzake. Kamati ikipanga nyongeza ndogo kwa kila kaya inayoweza, watoto wa aina hiyo watapata chakula bila kutajwa majina.

3. Isome hesabu ya shule, umwondoe mwalimu kwenye pesa

Ugomvi mwingi kati ya wazazi na walimu unaanzia kwenye fedha, na mwingi unaisha watu wakiiona hesabu. Kwa utaratibu ulioanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo Sh 4,000 hukatwa kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 600 inabaki na Sh milioni 3.6 kwa mwaka, ambazo ukizigawa kwa miezi 12 ni Sh 300,000. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na uendeshaji wa ofisi. Mzazi akiijua hesabu hii, hatamshuku mwalimu mkuu kwa mamilioni yasiyokuwepo, na atatambua mara moja pale palipo na kasoro ya kweli.

Kila robo mwaka nenda kwenye ubao wa matangazo wa shule. Uliza maswali matatu: shule imepokea kiasi gani, imetumia kwa nini, na nani alisaini? Mapato na matumizi yasipobandikwa, mwulize mwenyekiti wa kamati ya shule. Umemchagua kwa kazi hiyo.

Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, akaelekeza kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asiishike pesa hiyo. Sisi wa chama tunaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Mwalimu anayekusanya pesa anapoteza vipindi, na siku moja atatuhumiwa hata kama ni mwaminifu. Ndugu zetu walio mbali walizingatie hili. Ukitaka kuisaidia shule uliyosoma, usitume pesa kwenye simu ya mwalimu. Iombe kamati orodha ya mahitaji iliyosainiwa, chagua kitu kimoja kinachoonekana, kama vile seti ya vitabu vya darasa la tatu, taa za sola au mlango wa nyumba ya mwalimu, ukinunue, kisha uombe kiandikwe kwenye leja ya vifaa vya shule.

Vijiji vinavyotumia vijana wahitimu kama walimu wa kujitolea viandikiane nao makubaliano: vipindi vingapi, posho kiasi gani, inalipwa tarehe ngapi, na kwa kibali cha nani. Kijana aliyesomea ualimu akifundisha mwaka mzima kwa ahadi za mdomo, tumemdhulumu.

4. Anzeni maandalizi ya Januari 2028

Hili wazazi wengi hawajalishika, na muda unayoyoma. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na kwa sera mpya ya elimu, elimu ya msingi ni ya miaka 6. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo wanamaliza la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo wenzao wa utaratibu wa zamani wanamaliza la saba. Madarasa mawili yanahitimu pamoja, na Januari 2028 yote mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza. Sera hiyo pia imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, kwa hiyo kila mtoto anahitaji nafasi.

Chukua sekondari ya kata inayopokea wanafunzi 120 wa kidato cha kwanza. Itapokea 240. Kwa mikondo ya watoto 40, hayo ni madarasa matatu ya ziada, na viti na meza 120 za ziada. Nusu wakiwa wasichana, kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, yanahitajika matundu 3 ya wasichana na 3 ya wavulana. Na walimu wa ziada, ambao kijiji hakiwezi kuwafyatua kama tofali. Ni lazima waombwe mapema.

Ujenzi wa Ufipa unafanyika kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Utaratibu tuliouzoea ni wananchi kuinua boma hadi lenta na serikali kumalizia. Katika miaka ya karibuni fedha za kumalizia zimekuwa zikija kwa kiwango cha Sh milioni 12.5 kwa darasa. Lakini mapenzi ya wananchi peke yake hayatoshi. Msichimbe msingi kabla mhandisi wa halmashauri hajaleta ramani na kupima kiwanja. Boma likiwa nje ya ramani, siku ya kuomba fedha litakataliwa. Anzeni darasa moja mlimalize hadi lenta kabla ya kugusa la pili, maana maboma matatu yaliyofika dirishani yanaliwa na mvua za Desemba yote matatu. Sehemu ya juu ya kuta ifunikwe kabla ya mvua ya kwanza. Na tofali za kuchoma zisimalize miti ya milima ya Mbizi, chanzo cha maji ya mji wetu wa Sumbawanga. Pangeni kuni za tanuru kutoka miti ya kupandwa.

Kitongoji kilicho mbali sana na shule mama kifikirie shule shikizi kwa ajili ya awali na madarasa ya chini. Mtoto wa miaka 6 asivuke mto uliofurika kufuata herufi.

5. Nyumbani, fungua daftari

Mzazi asiyejua kusoma bado anaweza kumfuatilia mtoto. Kila Ijumaa jioni fungua daftari la hisabati na la Kiswahili. Angalia tarehe: zinafuatana, au kuna wiki nzima isiyo na kitu? Angalia kalamu nyekundu: kazi imesahihishwa? Angalia mwandiko: umekaa kwenye mistari, au mtoto aliandika akiwa mbioni kwenda kuchunga? Tarehe zikiruka, mwulize mtoto kwanza, kisha nenda kwa mwalimu kwa upole: "Mwalimu, naona wiki ile haina kazi. Mwanangu alikosa shule, au kulikuwa na shida?" Swali la namna hiyo halimdhalilishi mwalimu, tena linamwambia kwamba kuna anayefuatilia.

Watoto wengi vijijini huja shule wakiongea Kifipa zaidi ya Kiswahili. Msiwaogopeshe kwa hilo. Wasimulieni hadithi kwa lugha zote mbili na hesabuni nao mbuzi kwa lugha zote mbili. Mtoto wa darasa la pili akusomee mistari michache kila siku, hata kama wewe huwezi kuihakiki. Akikwama palepale kila siku, mweleze mwalimu.

Utoro wa mavuno, wa kuchunga ng'ombe na wa kuanika dagaa mwambaoni unajulikana kwa misimu yake. Kijiji kikubaliane mapema, msimu haujaanza, kwamba saa za masomo ni za masomo. Na binti aliyejifungua asifichwe. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi shule ndani ya miaka miwili. Mwalimu mkuu amwandikie mzazi, na mzazi amrudishe bila aibu.

6. Kwa walimu wenzangu

Hatuwezi kuomba heshima tusiyoilipia kwa kazi. Ingia darasani kengele ikilia. Andaa somo. Tumia vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kufundishana hasa, tusivigeuze karatasi ya kujaza kwa ajili ya mkaguzi. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Anayempiga mtoto nje ya hapo anajiweka mwenyewe mahali ambapo chama hakitaweza kumtetea kwa haki. Mimi ningependa tuiache fimbo kabisa, kwa sababu mtoto anayekuogopa hakuulizi swali.

Na tukidai, tudai kwa utaratibu. Kucheleweshwa kwa daraja, malimbikizo, fedha za likizo: andika barua, ipitishe kwa mwalimu mkuu, baki na nakala yenye muhuri, mpe mwakilishi wa chama nakala nyingine. Suala la ajira na nidhamu lina njia yake kupitia Tume ya Utumishi wa Walimu. Manung'uniko ya ofisini hayana kumbukumbu mahali popote. Barua inayo.

7. Wazazi na walimu waandike pamoja

Shule ikipungukiwa walimu, barua ya walimu peke yao inaonekana malalamiko ya kazi, na barua ya wazazi peke yao inaonekana siasa. Andikeni moja. Wekeni idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu waliopo, na masomo yasiyofundishwa, mkikumbuka kwamba kiwango cha darasa la msingi ni wanafunzi 45. Isainiwe na mwenyekiti wa kamati ya shule, ipite kwa ofisa elimu kata, ijadiliwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata ili diwani aibebe hadi kwenye baraza la madiwani, na nakala ifike kwa mkurugenzi na mbunge. Baada ya miezi mitatu ulizeni majibu, kwa barua tena.

Nchi zilizokutana Incheon, Korea Kusini, mwaka 2015 zilikubaliana kwamba elimu ipewe kati ya asilimia 15 na 20 ya matumizi ya serikali. Tunayo haki ya kuuliza kila bajeti inaposomwa kama kiwango hicho kimefikiwa, na kama mgawo umefika Rukwa. Lakini swali hilo lina nguvu linapoulizwa na kijiji ambacho tayari kimempa mwalimu nyumba, kimejaza ghala la shule na kinajua hesabu zake.

Oktoba 5 ni Siku ya Walimu Duniani. Mwaka huu isiishie kwenye fulana na hotuba. Mzazi mwenzangu, siku hiyo nenda shuleni kwa mtoto wako, msalimie mwalimu kwa jina, mwulize swali moja, "Ni nini kinakuzuia kufundisha vizuri?" na jibu atakalokupa lipeleke kwenye mkutano wa kijiji unaofuata.